Ukungu wa Jongoo

Lucie alikuwa akikoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, jongoo walipopita kando ya miguu yake, wakielekea ukutani. Hakuwakanyaga. Tangu baridi ianze, nyumba yao ya kupanga ugenini, mtaa wa Winson Green, ilikuwa na ukungu wa jongoo, aina ya kuvu inayomwingia jongoo mwilini na kumwamuru apande hadi ukuta unapoishia. Akifika darini anang'ang'ania, anakufa, na unga mweupe unamtoka katikati ya pingili. Omer, mumewe Lucie, aliwabandua kila Jumamosi na kuwatupa, jongoo na kijiti chake.

Ukungu huohuo ulimwingia mtoto wao Israël kifuani, wakamzika. Sasa dada yake, Fortunée, alikuwa anakohoa. Lucie alitaka jambo moja tu: wahamishwe kabla hajazika wa pili.

Afisa wa nyumba, Oliver, aliingia na viatu vyake hadi chumba cha Fortunée, akaitazama dari iliyogeuka nyeusi.

"Huu ni mvuke wenu," alisema. "Mnachemsha sana. Na juzi mlikuwa wangapi humu?"

Lucie akanyoosha mgongo. Mtoto kukosa watu matangani ni aibu.

"Wengi! Walilala mpaka kwenye ngazi. Wengine walitoka Leicester. Waliimba hadi sauti zikakauka."

"Basi ndiyo hayo. Wote hao walikuwa wanapumua."

Akaandika kwamba unyevu umeletwa na waombolezaji. Waliokuja baada ya kifo wakawa ndio sababu ya kifo.

Jongoo mmoja alikuwa amemfikia kwenye kola. Oliver akampangusa, akanusa vidole, akapiga chafya. Kisha akavua koti, akapanda kabati la Fortunée, na kutoka hapo akaishika dari kwa viganja na magoti, juu kabisa ya kitanda cha mtoto.

"Muzungu naye amepanda," Omer alisema mlangoni.

"Mwache. Labda huko juu ataona vizuri. Bwana Oliver, unaona nini?"

"Mvuke," Oliver akajibu.

Kesho yake akaja mkubwa wake wa kazi, Pallavi. Alimsalimu Oliver palepale darini, akampandishia chai, halafu akakasirika kwelikweli.

"Hakuna mfanyakazi wetu atakayefanya kazi kwenye unyevu kama huu!"

Kabla ya adhuhuri mafundi wakakwangua dari kumzunguka Oliver, wakaipaka dawa, wakamwachia na nafasi ya viwiko. Chini yake wakaweka mashine ya kukausha hewa, mdomo ukimwelekea yeye. Kuta hawakuzigusa. Kuta zilikuwa za wapangaji.

Walipoondoka, Lucie akaigeuza mashine imwelekee Fortunée.

"Mama," Oliver akaita, unga mweupe ukimtoka shingoni, "hiyo ni yangu."

Lucie alikaa kitandani akaishikilia kwa mikono miwili, mpaka alasiri fundi aliporudi, akamwomba radhi, akaichukua na kuifunga darini kwa skrubu.

Fortunée akakohoa. Oliver, hewa kavu ikimpuliza usoni, akawashauri wafungue dirisha.