Mwana-mbuzi Asiyesimama

Mwana-mbuzi alikuwa na siku tano na bado hajasimama. Kila akijaribu, miguu ya nyuma ilipepesuka, kichwa kikatetemeka, akaanguka puu kwenye mchanga wa Kashikishi. Zéphirin, mchuuzi wa samaki kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, alimbeba tena hadi kwenye chuchu ya mama yake.

Ngosa, bwana mifugo, alishuka kwenye baiskeli akapapasa mbavu za yule mama.

"Ulikuwa unamulisha nini?"

"Maganda ya mihogo. Kidogo tu. Mbuzi mwembamba anazaa bila taabu."

"Mudala, muzee wangu, nani alikudanganya? Ubongo na mishipa ya fahamu inajengwa ndani ya tumbo, na mu hizi wiki za kwanza. Ukimunyima mama chakula, ile kazi inabaki nusu. Mwili utanona kesho. Hii miguu, sijui."

Zéphirin aligeukia nyumba. Jikoni, binti yake Marlène, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa anakula bukari, ugali wa kwao, kiasi cha ngumi. Clotilde, mama wa Marlène, ndiye aliyempimia, ili mtoto awe mdogo, atoke bila kisu cha daktari. Zéphirin alijua tangu mwanzo. Kwao baba hafungui mdomo juu ya mimba ya binti yake.

Leo aliingia.

"Mama Marlène, mupatie ingine."

Clotilde alishika kiuno. "Weye! Mambo ya banamuke inakuhusu nini? Hauna haya?"

"Niko nayo. Lakini ule mbuzi, ni miye nilimuharibu. Huyu mutoto hapana."

"Na mutoto akikuwa mukubwa? Utamuzaa weye?"

"Tutamupeleka hospitali mbele ya siku kufika. Atangojea kule kule."

Clotilde alifungua mdomo ajibu, Marlène akamtangulia. Alisema polepole, macho chini, kama mtu anayekiri wizi:

"Mama, kila siku ninalala na njaa."

Mkono wa Clotilde ulianguka kutoka kiunoni. Aliketi, akavuta chungu, akamega bukari kubwa. Kisha akachukua samaki, akaanza kumtoa miiba kwa vidole vyake, mmoja mmoja, kama alivyofanya Marlène alipokuwa na meno mawili.

"Kula, mama yangu. Kula."

Zéphirin alitoka nje, akaketi akiwapa mgongo, asimtie binti yake haya akitafuna. Alikaa pale mpaka akasikia chungu kinakwanguliwa.