Magugu ya Mjane

Harufu ndiyo iliyompokea. Kabla hata hajafungua geti, fundi cherehani alinusa kitu kikali kinachokwaruza koo, akasimama na mfuko wa vitambaa begani. Kisha akaona majani yote ya uani yameloa chepechepe, na mvua haikuwa imenyesha.

Wifi yake alikuwa ameketi kibarazani, miguu kainyoosha, anakunywa chai. Karibu naye lilikuwepo bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni.

"Umerudi mapema," wifi alisema. "Nilitaka ukute tumeshafagia."

"Umepuliza nini?"

"Dawa ya magugu. Jumamosi watu wanakuja kwenye kumbukumbu ya kaka, wifi yangu. Tungewapitisha wapi, porini?"

Fundi aliutupa mfuko chini, akaburura mpira kutoka kwenye bomba la maji, akaanza kuosha majani. Aliosha mgagani, akaosha kishonanguo, akaosha kifauongo, ambacho kilijikunja kama kawaida yake kikiguswa, utadhani kingeweza kuidanganya hata sumu kwamba kimeshakufa.

"Unajichosha bure," wifi alisema. "Imepulizwa tangu asubuhi, na nimerudia mara ya pili. Sasa hivi imeshashuka kwenye mizizi."

Mtaa mzima uliamini bustani ile iliota kwa uvivu. Walikosea. Fundi aliipanda kwa mikono yake. Mumewe alipofariki, alimaliza msiba, akarudi kazini, na jioni akawa anapita kandokando ya barabara na mitaro akichuma mbegu anazitia mfukoni mwa aproni. Maua ya njano ambayo hakuna anayejua jina lake, maua ya zambarau yanayoota kwenye vifusi, mnavu, hata ndago, jani ambalo wakulima wakilitaja hutema mate. Alizipanda, akazimwagilia, akaketi kuzitazama. Baada ya mvua za kwanza, vipepeo walijaa uani hata watoto wa jirani wakawa wanachungulia juu ya ukuta.

Marehemu alikuwa mpima viwanja. Bustani yake ilipigwa kamba na vigingi, nyasi zikakatwa zikawa kama zulia, waridi zikapangwa mstari mmoja zikitazama barabara. Kazi ya kung'oa magugu ilikuwa ya mkewe, akitoka kushona, mgongo ukiwa hoi. Mume hakuwahi kumpiga wala kumtukana, na watu walimsifu kwa upole wake. Ila akiona gugu limesazwa, aliling'oa na mizizi yake na udongo wake, akaja nalo ndani, akaliweka kwenye sahani ya mkewe juu ya chakula. Kisha anakaa, ananawa, anakula. Na anasubiri mkewe naye ale.

Hayo fundi hakuwahi kumwambia mtu. Angeanzia wapi? Mume wangu ananiwekea majani kwenye sahani? Wangemcheka.

Sasa alifunga maji, akageuka.

"Nani kakupa ufunguo?"

Wifi aliangalia ndani ya kikombe. "Mwanao. Usimlaumu. Wote tunaona hauko sawa tangu kaka afe. Mtu mwenye akili zake hamwagilii magugu."

"Mpigie simu aje."

"Wifi, mambo madogo haya..."

"Mpigie."

Binti alifika akiwa bado na sare za kazini. Alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati. Aliona uani, akamwona mama yake, akabaki kusimama pale pale getini.

"Mama, shangazi alisema ni kusafisha kidogo tu. Na kweli, Baba angeona nyumba yake hivi angelia."

"Baba yako hakuwahi kulia kwa ajili ya jani," fundi alisema. "Unakumbuka alichokuwa anaweka kwenye sahani yangu?"

Binti alikunja uso. Kisha uso ukamfunguka taratibu.

"Yale majani? Mimi nilidhani ni utani wenu."

"Ulimwona nani anacheka?"

Binti alishika nondo ya geti.

"Nilikuwa nayatoa pembeni, nakula kilichobaki na mchanga wake. Ulikuwa unakaa mbele yangu. Miaka yote uliyokaa kwenye meza ile, ndio utani huo."

Wifi aliweka kikombe chini. "Kila mwanamume ana vituko vyake. Kaka yangu alikulisha, akakujengea. Na wewe unamlipa kwa kumgeuzia nyumba yake jalala. Unamtukana akiwa kaburini."

"Ndiyo," fundi alisema. "Namtukana. Nilikuwa namtukana kila asubuhi, kwa mnavu na kwa ndago, na nilikuwa nalala vizuri. Wewe ulikuja kula hapa mara ngapi, wifi? Uliyaona."

Wifi alikiokota tena kikombe. Aliyaona. Ilionekana usoni kwamba aliyaona.

Fundi aliingia ndani, akatoka na gauni la wifi alilokuwa anamshonea kwa ajili ya Jumamosi, mkono mmoja bado haujaunganishwa, pini zimejaa kiunoni. Akamrushia mapajani. "Tafuta fundi mwingine. Na ufunguo uache hapo hapo."

Wifi aliondoka amelikumbatia lile gauni na pini zake, analalamika hadi barabarani kwamba mjane akiachiwa nyumba huota mapembe.

Jumamosi ndugu walikuja. Bustani ilikuwa imegeuka njano, kisha kahawia, mashina yamelala kama nywele za mtu aliyeugua. Fundi hakufagia hata jani. Mjomba wa marehemu, mzee mwenye sauti kubwa, aliuliza mbele ya wote kulikoni, nyumba imeungua?

"Imepulizwa sumu, Mjomba," fundi alisema. "Nilipanda maua ya porini kwa sababu nayapenda. Wifi kayaua bila kuniuliza. Mwulizeni yeye, yule pale."

Wifi, aliyevaa gauni la kuazima linalombana mabegani, alijishughulisha na mkoba wake. Mtu akakohoa, mwingine akaomba maji, na kumbukumbu ikasomwa haraka haraka. Hakuna aliyemtetea fundi. Lakini hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumamosi iliyofuata binti alikuja na jembe. Hakuomba msamaha, katika nyumba ile hawakufundishana kuomba. Alianza kuchimbua udongo uliopigwa dawa na kuujaza kwenye magunia, akiwa amevaa viatu vya plastiki vya baba yake. Fundi alimtazama kutoka kibarazani, hasira ikiwa bado imemkaa kifuani. Hakuwa na haraka ya kuitoa.

"Hayo maua ya zambarau," binti alisema bila kuinua kichwa, "yanapatikana wapi?"

"Kwenye vifusi, nyuma ya stendi."

"Nikimaliza hapa tutaenda?"

Fundi alishuka kibarazani.

"Maliza kwanza," alisema. "Na hivyo viatu vya baba yako, vivue. Chimba peku."