Daftari la Pande Mbili

Mtaa mzima wa Pasiansi, Mwanza, ulimwita Daktari. Wauza dagaa walimwita Daktari, mafundi cherehani walimwita Daktari, hata katekista alipokuja kupima sukari alimwita Daktari, na Odeta Masele aliitika kila mara bila kumeza mate. Ukivaa koti jeupe ukakaa nyuma ya meza yenye muhuri, nchi hii haikuulizi vyeti. Lakini vyeti vipo, na cha Odeta kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, kikisema ukweli wote: alikuwa tabibu, mwenye stashahada ya miaka mitatu. Kazi aliijua. Malaria, nimonia, kuhara, vidole vilivyochomwa na ndoano, vyote vilipita kwenye zahanati yake na watu wakaenda nyumbani kwa miguu yao. Udaktari ndio hakuwa nao.

Kilichomsumbua si cheo, ni barua za rufaa. Kila wiki aliandika mbili au tatu: anaeleza ugonjwa, anagonga muhuri, anampandisha mgonjwa kwenye gari, gari linashika barabara ya mjini, na kwa Odeta habari inaishia hapo. Wengine walirudi na mishono tumboni wakimletea sato wa shukrani. Wengine habari zao alizipata msibani. Kwa miaka saba alikuwa mtu wa kuandika barua, na sasa, akiwa na miaka thelathini na nne, alitamani mno siku moja awe yule anayezipokea.

Siku alipothubutu kulisema jambo hilo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, binamu yake Revocatus, aliyeko Marekani akifanya kazi ambayo hadi leo hajaitaja, alijibu upesi. "Dada Odeta, udaktari si mchezo. Lazima kwanza uwe na digrii, miaka minne. Ndipo uombe udaktari, miaka minne mingine. Wewe una diploma tu. Usijipe presha." Shangazi zake wote wakaandika, "Asante kwa elimu."

Revocatus hakuwa mwongo. Huko aliko ndivyo ilivyo. Kosa lake ni lile la watu wengi wa ng'ambo, kudhani kwamba dunia nzima ilihama siku walipohama wao. Odeta alihuzunika wiki nzima. Wiki ya pili mumewe Chenge, fundi wa injini za mitumbwi na mtu wa maneno machache, alimwambia, "Injini haitengenezwi kwa simu. Nenda kaangalie mwenyewe." Odeta akaenda steshenari ya karibu, akachapisha mwongozo wa kujiunga na vyuo, akausoma akiwa amesimama pale pale kaunta.

Digrii haikutajwa. Mwenye stashahada ya utabibu aliruhusiwa kuomba, mradi awe na wastani wa tatu kwenda juu, naye alikuwa na tatu nukta saba. Moyo ukaanza kucheza ngoma. Halafu akafika mstari wa chini: cheti cha kidato cha nne kiwe na angalau D katika Biolojia, Kemia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati. Ngoma ikakoma. Utabibu haukuwahi kumdai Hisabati, na Hisabati yake ilikuwa F. Wala haikuwa F ya bahati mbaya. Alikuwa ameifanyia kazi kwa kulala darasani miaka minne.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Kokulinda alikuja kliniki ya presha. Alikuwa Mhaya wa Kagera, mjane wa miaka sabini na mmoja, aliyefundisha Hisabati miaka thelathini na sita kabla ya kustaafu na kupanda migomba nyuma ya nyumba yake, katikati ya mawe makubwa ya Pasiansi, kwa machipukizi yaliyosafiri kwa meli kutoka Bukoba. Hakuamini ndizi za mtu mwingine, wala dawa za mtu yeyote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Daktari, niandikie zile zile niende zangu, nimeacha maharage jikoni."

"Presha ni mia na sabini na nane. Vidonge unameza?"

"Nameza kichwa kikiuma."

"Mwalimu, hivi si vya kichwa. Ni vya kila siku, uumwe usiumwe."

Mwalimu akatazama dirishani, kama wanafunzi wake walivyokuwa wakitazama. Odeta akavuta droo, akatoa kitabu cha Hisabati cha kidato cha nne, akakiweka mezani.

"Nina shida, Mwalimu. Nataka kurisiti hili somo."

"Daktari mzima, hesabu za watoto za nini?"

"Mimi si daktari. Ni tabibu. Nataka kuomba chuo nikasomee udaktari, na Hisabati nina F."

Mwalimu Kokulinda akavua miwani. "Miaka saba nakuita Daktari, nawe unaitika."

"Naitika, Mwalimu."

"Umeandika jibu bila kuonyesha njia. Kwangu mimi hiyo ni sifuri."

Odeta aliona aibu. Lakini bibi yule hakuondoka. Alikifungua kitabu, akakinusa, na kabla maharage hayajaungua walikuwa wamekubaliana. Wangenunua daftari moja kubwa la kwaya nne. Upande wa mbele Odeta angefanya hesabu, Mwalimu asahihishe kwa kalamu nyekundu. Ukiligeuza, upande wa nyuma, Mwalimu angeandika presha yake ya kila asubuhi kwa mashine aliyotumiwa na binti yake Sharon, na alama ya kidonge alichomeza. Huko kalamu nyekundu ingekuwa ya Odeta. Sharti la mwisho alilitoa Mwalimu peke yake: kuanzia kesho, usiitike Daktari.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta kasheshe. Odeta alipoanza kuwaambia wagonjwa, "Niiteni tabibu," watu walidhani ameshushwa cheo. Mzee Shigela, mfugaji aliyehamia mjini na ng'ombe wake wawili na wasiwasi wa kundi zima, alikusanya wenzake wanne wakaenda hadi ofisi ya mtendaji wa kata. "Dakitari wetu kakosa nini?" akauliza. "Kama ni umbeya wa mtu, atajwe hapa hapa." Mtendaji alipiga simu zahanati, na Odeta akaja kujieleza mbele yao: hakushushwa na mtu, hajawahi kuwa daktari, na sasa anataka kuwa. Mzee Shigela akamnyooshea fimbo. "Kumbe wewe ndiye ulikuwa unatuongopea?" Kisha akacheka hadi fimbo ikaanguka. "Haya, nenda ukasome. Lakini kidonda cha mguu wangu ukimalize kwanza."

Jaribio la kwanza Odeta alipata tisa kwa mia. "Na hizo tisa," Mwalimu alisema, "ni za mwandiko." Walikutana Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni barazani, ziwa likionekana kipande kati ya mawe mawili. Mwalimu hakujali jibu, alijali hatua. Jibu sahihi bila hatua alilikata, jibu baya lenye hatua nzuri alilipa maksi na kuliomboleza. Taratibu tisa ikawa kumi na tisa, kumi na tisa ikawa ishirini na sita. D ilianzia thelathini. Odeta, aliyekuwa akikokotoa dawa za watoto kwa kilo kila siku, aligundua kwamba uwiano hakuwahi kuuogopa. Aliogopa neno uwiano tu. Akafurahi kama aliyeokota noti kwenye koti kuukuu.

Mwezi Juni aliligeuza daftari ili asahihishe upande wake, na mkono ukasita. Mia na ishirini na nane kwa themanini. Chini yake, mia na ishirini na nane kwa themanini. Siku kumi na mbili, namba ile ile, wino ule ule, mlalo ule ule.

"Mwalimu, lete pakiti ya vidonge."

"Ya nini?"

"Uonyeshe njia."

Pakiti ikaja polepole. Odeta akahesabu. Vilipaswa kubaki kumi na vinane, vilibaki ishirini na tisa. Mwanamke aliyekamata wanafunzi wanaonakiliana kwa miaka thelathini na sita alikuwa ameketi mbele yake, mikono mapajani, amenakili. Odeta akachukua kalamu nyekundu akachora sifuri kubwa kama sahani. Alitaka kucheka, lakini uso wa Mwalimu ulimzuia.

"Niliogopa," Mwalimu alisema. "Ukiona namba kubwa utaniandikia ile barua. Mume wangu Bagenda aliandikiwa kule Bukoba. Alipanda gari anacheka, ananiambia nisimalize senene. Sikuambiwa huko alikokwenda walimfanya nini. Nililetewa mwili na karatasi."

Odeta aliacha kalamu. "Mwalimu, ndiyo maana nataka kwenda huko zinakopokelewa. Ili mtu kama wewe aje aambiwe."

Mwalimu alimeza kidonge cha siku hiyo mbele yake kwa chai isiyo na sukari, akakunja uso, na jioni ile walifanya logarithimu hadi jua likazama. Toka siku hiyo pakiti haikukosea tena.

Mtihani ulikuwa Novemba, mvua ikinyesha. Odeta alikaa kati ya vijana walioweza kuwa wanawe, na mmoja wao, ambaye Odeta alimchoma sindano ya pepopunda mwaka uliopita, akamwamkia shikamoo kwa huruma. Kuna maswali aliyoyajibu, kuna aliyoyafikisha katikati na kuyaacha hapo, lakini kila mahali aliandika hatua zake. Alipotoka, Mwalimu alimletea senene, wale panzi wa kwao, wa kukaanga kwenye kikopo, wasio na chumvi, na kwa Mhaya hilo ni pendo lenye gharama.

Januari matokeo yakatoka. D. Odeta aliitazama ile herufi kwenye simu hadi mwanga wa kioo ukazimika. Chenge alichinja jogoo kwa ajili ya D, na sidhani kama kuna A iliyowahi kuchinjiwa jogoo mnene vile. Julai akaomba chuo, akaomba na ruhusa ya masomo kazini, akasubiri. Septemba, siku ya majina kutangazwa, ujumbe uliingia saa tano asubuhi akiwa anafunga kidonda cha Mzee Shigela. Amechaguliwa. Udaktari wa binadamu, miaka mitano, hapa hapa Mwanza, kwenye hospitali ile ile ambako barua zake zilikuwa zikienda. Alimaliza kufunga kidonda vizuri, ndipo akalia. Mzee Shigela akamtangazia foleni nzima.

Jioni alipanda kwa Mwalimu Kokulinda. Alikuta daftari liko mezani, limegeuzwa, upande wa nyuma juu.

"Sahihisha kwanza," Mwalimu alisema. "Habari njema nimezipata tangu mchana, Pasiansi haina siri."

Odeta akafungua. Miezi mingi hakuwa amezisoma namba zile zote kwa pamoja. Tangu masomo yaishe alikuwa akihesabu vidonge tu. Zilipanda na kushuka kama namba za mtu mkweli, mia na thelathini na mbili, mia na thelathini na sita, mia na thelathini. Kisha Novemba, mia na hamsini na nane, na pembeni kwa mwandiko mdogo: *mtihani wa Odeta*. Januari, mia na sitini na sita: *matokeo ya Odeta*. Na asubuhi hiyo, mia na sabini na moja: *hawajatangaza bado*.

Machozi yakamdondokea kwenye safu ya Novemba.

"Vidonge nilimeza," Mwalimu alijitetea. "Hesabu pakiti."

Odeta akahesabu. Hakikuzidi wala kupungua hata kimoja. Akachukua kalamu nyekundu, akaweka alama ya vema, akaandika chini yake: *Njia sahihi. Jibu limezidi kidogo.* Kisha akamfunga Mwalimu kile kitambaa cha mashine mkononi, wakasubiri pamoja hadi kikalegea. Mia na thelathini na nne.

Mwalimu akashusha mkono wa gauni, akaenda jikoni, akarudi na vikombe viwili.

"Haya, chai hiyo, Daktari."

Odeta alikuwa anakunja waya wa mashine. Hakugeuka.

"Daktari," Mwalimu akaita tena, kwa sauti zaidi.

Odeta akaendelea kukunja waya, akitabasamu peke yake.

"Odeta."

"Abee, Mwalimu."

"Njoo unywe chai."