Sufuria ya Gundi

"Rudia," baba akasema. "Rudia hayo maneno taratibu, mama yako ayasikie."

"Ameyasikia. Hata kwa jirani wameyasikia. Naenda zahanati kumwambia Dokta kwamba ile gundi ya watoto niliipika na mbegu ya ngano yenye dawa."

"Mbegu ya nani?"

"Ya shamba la serikali."

"Na nani aliitoa stoo?"

Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu limevaa koti la mlinzi. Baba yangu, Hhando, analinda stoo ya mbegu kwenye shamba la ngano, huu ni mwaka wa tisa. Huku kwetu upande wa Gendabi mtu mwenye mshahara wa serikali anahesabika. Hata kanisani anasogezewa benchi.

"Nani, Yoakimu? Sema. Si umekuwa hodari wa kusema."

"Wewe, baba. Lakini niliyeomba ni mimi."

"Ahaa. Basi tutafungwa wawili. Mama yako atatuletea chakula kwenye ndoo moja."

Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha anachambua maharage. Yale maharage aliyachambua jana. Hakuinua kichwa.

Ngoja niseme ilivyokuwa, maana mtu akisikia hivi hivi tu ataniita mwuaji. Labda ndiyo jina langu, lakini asikilize kwanza.

Nilimaliza Form Four mwaka juzi, matokeo yakaja mabaya. Mimi nilikuwa nataka kuendesha kombaini ya kuvuna ngano. Nilikuwa nazitazama zile mashine zinavyokwenda tambarare yote kama zinanyoa kichwa, nikasema hiyo ndiyo kazi yangu. Nikaenda ofisini kwao, wakaniambia subiri. Nikasubiri miezi saba. Kukaa nyumbani kunaniwasha, siwezi. Katekista wetu, mzee Nikolausi, akaniona nazurura barabarani, akasema njoo ushike watoto wa chekechea pale kigangoni, kwenye kikanisa chetu, wafundishe hata nyimbo.

Nyimbo siwezi. Karatasi naweza. Toka darasa la tatu mikono yangu ilikuwa inakunja kila daftari linaloisha. Sasa mbegu ya shamba inakuja kwenye mifuko ya karatasi, kila mfuko una matabaka matatu. La ndani limeshika vumbi la dawa wanayopaka mbegu isioze wala kuliwa na wadudu, la pinki kabisa. Baba aliniletea mifuko mitupu. La ndani nikachoma moto, nikachukua haya mawili ya nje, masafi. Nilikuwa najua habari ya dawa. Akili yangu ilifika hapo, ikaishia hapo.

Tulianza na kofia. Unakunja mara mbili, unashusha pembe mbili, unapandisha ukingo, mtoto anavaa anajiona askari. Halafu ndege wa kupiga mabawa ukivuta mkia. Ikaja habari ya Siku ya Wazazi, nikasema kila mtoto atengeneze boma la kwao, tubandike ukutani. Ng'ombe ni rahisi. Kunja karatasi katikati, kata tumbo kama nusu mwezi, inabaki miguu minne, anasimama mwenyewe. Kichwa unakibandika na gundi. Pembe ni kipande chembamba, unakizungusha kwenye penseli, ukiachia kimejikunja.

Watoto wa wakulima kama sisi walitengeneza ng'ombe wawili, mbuzi mmoja, nyumba, basi. Benedikta alitengeneza kumi na nne. Huyu ni mtoto wa mzee Gidahosh, mfugaji wa kule chini, wana boma lao pembeni kabisa ya ngano. Ana miaka sita. Kila ng'ombe alimpaka rangi yake, mkaa, majani, udongo mwekundu, na kila mmoja ana jina. Wengine aliwalaza ubavu. Nikamwuliza mbona hawa hawasimami.

"Hawa wamekufa, mwalimu."

"Wamekufa na nini?"

"Majani hakuna. Pale trekta imelima."

Alisema tu, kama mtu anakwambia saa. Nikambandikia hivyo hivyo, wamelala.

Gundi sasa. Gundi ni unga na maji, unakoroga motoni mpaka inakuwa nzito. Lakini mwaka huu unga uko wapi? Mama unga anaulalia. Ndipo nikakumbuka debe la baba, mbegu waliyofagia sakafuni pale stoo. Alileta apande nyuma ya nyumba mvua ikija. Nikamwomba.

"Gundi siyo chakula," baba alisema. "Chukua. Ila uoshe."

Niliosha maji matatu mpaka pinki ikaisha. Nikaanika, nikasaga kwenye jiwe la zamani huko nje, siyo la mama. Nilijiona mjanja.

Hapa ndipo palipoharibika. Kwetu mtoto aliyefanya kazi vizuri ndiye anapewa sufuria akombe. Ukichota maji, ukichunga vizuri, sufuria ni yako, unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na wenzako wanakutazama. Mimi nimekua hivyo. Ndiyo zawadi, hakuna nyingine. Siku ya kwanza tumemaliza kubandika, Marko, mtoto wa mama Konsolata, akaniuliza, "Mwalimu, sufuria leo ni ya nani?"

Nikajibu, "Ya aliyefanya vizuri."

Imetoka mdomoni tu, kama mtu anavyoitikia salamu. Nikampa. Wengine wakalamba vidole. Nikaona, nikacheka. Nikasema si nimeosha. Na kesho yake tena. Wiki tatu. Nikawa napika nyingi kidogo kuliko kazi, nisidanganye, kwa sababu walikuwa wanakuja bila kula na ile sufuria ilikuwa inawachangamsha. Mara nyingi ilikuwa ya Marko au ya Benedikta. Ndio walikuwa na mikono.

Wiki ya nne mikono ya Benedikta ikaanza kuharibika. Pembe za karatasi zikawa zinamponyoka. Anakunja, mkunjo unakwenda pembeni, anakata mguu wa ng'ombe. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia anafanya uvivu. Akajaribu tena, mkasi ukawa unacheza kwenye vidole vyake, akaniangalia kama mimi ndiye nautikisa.

Marko alianza kutembea kama mlevi. Watoto wakamcheka. Watu wazima wakasema ni malaria. Jumamosi tumemzika.

Na jana nimeingia kigangoni kubandua yale maboma, maana Siku ya Wazazi imefutwa. Krismasi tulibandika nyota kwa gundi ya unga mzuri, panya wakala zote, wakanenepa, wakawa wanatembea mchana. Safari hii chini ya ukuta nimekuta panya wanne, wakavu. Juu yao ng'ombe wametafunwa pale pale penye gundi. Nikakaa kwenye kabenchi ka watoto. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Ndiyo maana leo asubuhi nimesema, na baba ameniambia nirudie.

"Benedikta yuko zahanati toka Alhamisi," nikasema. "Anawekewa dripu ya malaria. Macho hayaoni vizuri. Dokta anatibu kitu ambacho hakipo."

"Wewe ni Dokta?"

"Mimi ni mpishi."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha, baba. Nilipita pale jana jioni. Nimemwamkia mzee Gidahosh, shikamoo, akaitikia, akaniambia leo mchana anamchukua mtoto wake nyumbani. Anasema dripu nne hazijasaidia, bora akafie kwao. Na akanishukuru. Unasikia? Akanishukuru, kwa sababu mtoto akiwa nyumbani alikuwa anamwambia mwalimu anawapa uji."

Baba akakohoa. Akafungua kifungo cha koti, akakifunga.

"Sasa huyo mtu amekushukuru," akasema, "wewe unataka kwenda kumwambia uji ulikuwa sumu. Watu wake unawajua? Tayari wanasema shamba limelima makaburi ya wazee wao. Leo waambiwe mtoto wa mlinzi wa shamba amewalisha dawa. Watakaa wazungumze na wewe?"

"Watazungumza, watapiga, sijui. Mtoto bado hajafa."

"Marko amekufa. Utamfufua?"

"Nazungumzia wa pili."

"Mimi nazungumzia wote. Nazungumzia na wale wadogo zako wanne waliokwenda shule bila koti." Sauti yake ikashuka, na hapo ndipo alinitisha zaidi. "Jana ulivyotuambia habari ya panya, nikaelewa. Ule unga wa gundi nimeumwaga chooni leo alfajiri. Na debe nimeliosha. Sufuria yako nimeitoboa kwa msumari, nimeitupa korongoni. Utakwenda kumwonyesha Dokta nini? Mdomo?"

"Umemwaga wote?"

"Wote."

Nikamwangalia mama. "Ulijua?"

"Nilimshikia taa," mama akasema.

Mama yangu Philomena hasemi uongo, hata akitaka hawezi. Akaweka ungo chini.

"Jumamosi nilimshika Konsolata pale kaburini," akasema. "Kichwa chake kilikuwa hapa. Alikuwa ananiuliza, mama Yoakimu, nimemkosea nani? Mimi nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa sijui. Sasa najua, na kesho nitakutana naye kisimani."

"Kwa hiyo niende."

"Sijasema uende. Baba yako akifungwa tunakula nini? Niambie, wewe uliyesoma. Tunakula nini?"

Nilimwambia baba jambo lile nililokuwa nimelifikiria tangu alfajiri, kabla hawajaamka, au nilipodhani hawajaamka.

"Sihitaji unga. Nahitaji jina la dawa. Liko kwenye dumu la dawa pale stoo. Dokta akijua jina atajua la kufanya, au ampeleke hospitali kubwa wanakojua. Padri ana gari. Nitajie jina tu, nitasema nimeliokota barabarani, nitasema lolote."

"Mimi Kizungu sisomi."

"Baba. Kila mwezi unasoma mizani pale, unaandika."

"Namba nasoma. Kizungu sisomi."

"Umekaa na hilo dumu miaka tisa."

"Nimekaa nalo kwa sababu sikuuliza." Akasimama. "Mwalimu wa makaratasi. Ulikuwa na kazi moja ya kukunja ng'ombe, ukaua watu. Ungelala tu nyumbani kama wenzako wavivu."

Hilo liliingia. Nilisikia limeingia, na nikaona na yeye amelisikia, maana alitazama pembeni.

"Ni kweli," nikasema. "Na Dokta akiniuliza ni dawa gani nitamwambia sijui, aende stoo ya shamba akasome dumu mwenyewe. Watakuja na meneja. Wataangalia daftari la mbegu. Sina njia nyingine, umenifungia wewe."

Nikachukua sweta yangu. Baba akanishika shati kifuani, mkono mmoja. Ana nguvu bado, anainua gunia peke yake. Tukabaki tumesimama hivyo. Nilikuwa nasikia pumzi yake, ina harufu ya tumbaku.

"Mwachie shati," mama akasema. "Litachanika."

Hakuachia.

"Na wale wengine ishirini?" nikamwuliza. "Waliolamba vidole. Kila siku naangalia nani anajikwaa. Jana kale katoto ka Hermani kalidondosha kikombe. Labda kikombe tu. Utaniambia na hiyo nisiseme, mpaka wangapi?"

Vidole vyake vikalegea kimoja kimoja.

"Sema uliiba," akasema. Sikumsikia vizuri, alisema chini. "Sema ulikuja kunitembelea kazini, nikaenda chooni, ukaiba. Wewe ni kijana, watakupiga, watakuweka ndani mwezi, utatoka. Mimi sitatoka na kazi. Sema hivyo, Yoakimu. Nakuomba."

Baba yangu hajawahi kuniomba kitu. Hata maji ananiagiza. Nilitamani kumwambia ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa tayari limekaa ulimini.

"Nitasema niliichukua mimi," nikamwambia. "Hilo nitasema, na ni kweli. Lakini wakinitajia jina lako, wakaniuliza baba yako alijua, sitaweza kusema hapana. Nilisema nimeosha maji matatu, nikajiamini, ona. Siwezi tena kuanza uongo mwingine wa kujiambia."

"Basi hujanisaidia kitu."

"Sijakusaidia."

Akarudi kukaa. Alikaa na koti lake lote, kama mtu anayesubiri gari. Zamu yake inaanza saa tano, na nilijua ataamka pale aende kusimama mlangoni pa stoo kama siku zote, awasubiri. Mama aliinamia ungo tena lakini mikono ilikuwa imetulia juu ya maharage. Jua lilikuwa limeshapanda. Kutoka hapa kwetu mpaka zahanati ni saa nzima ya kutembea haraka, dakika arobaini ukikimbia, na mzee Gidahosh si mtu wa kuchelewa.

"Shikamoo, baba," nikasema. Nilikuwa sijamwamkia asubuhi ile, tulianza kugombana kabla.

Hakuitikia. Mama ndiye aliyeitikia, marahaba, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

Nikatoka, nikafunga mlango.