Daraja la Darasa la Sita

Kadzo alifika kijitoni wa mwisho asubuhi ile, maana goti lake na mteremko havikupatana. Watu walikwisha kujaa kutazama daraja la watoto. Uhuru ulikuwa haujatimiza mwaka, na Mwalimu Mwanzia, kijana wa Kikamba aliyeletwa shule yao huku juu ya Msambweni, alishikilia kwamba uraia haufundishwi kwa chaki peke yake. Kijito hiki kiliwazuia watoto kila masika. Basi darasa la sita na walijenge daraja, kila mtoto alete mti usio na kazi kwao.

"Bibi, uvuke wewe kwanza!" Mjukuu wake Kache alimvuta mkono. "Ule ubao wa katikati nimeuleta mimi, kutoka kile kichaka cha mlimani. Mgumu huo! Mchwa hata hawakuuonja."

"Haya, nivushe, mke mwenzangu," Kadzo alimtania, kama bibi amtaniavyo mjukuu wa kike.

Mguu ukainuka, usishuke.

Chini ya unyayo wake, kwenye ubao ule wa Kache, palikuwa na safu mbili za pembetatu za kuchongwa, na juu yake kichwa cha mviringo chenye macho. Kadzo alimpikia wali fundi aliyezichonga. Ilikuwa koma ya Rai, marehemu mumewe, nguzo aliyosimamishiwa ikae roho yake, katika boma lao la zamani kule mlimani. Walipohama waliiacha palepale, kwani koma haihamishwi. Kichaka kikaota, na Kache hakupelekwa huko kuonyeshwa hata siku moja.

Aliona watu wakipiga makofi, asisikie.

"Mke mwenzangu," alisema, "mume wetu umemlaza akanyagwe?"

Kache aliutazama ubao. "Huyu... ndiye babu?"

Makofi yakakatika. Shemeji yake Kadzo, Mzee Chande, akachomoa panga. "Leo wanetu wote nawatoa shule! Na daraja nalifyeka!"

"Mama, sikujua," mwalimu alisema. "Nilidhani ni ubao wa kale tu."

"Na kuuliza je, kunatozwa kodi?" Chande akamkemea.

Kadzo alimwona Kache ameshika vitabu vyake kifuani, kama tayari vinataka kunyakuliwa. Akakunja leso, akaingia majini hadi mapajani.

"Mwondoeni taratibu. Mwalimu, shika miguu; Kache, kichwa. Tunamrudisha bomani kwake, na tembo la kumtuliza tutamwaga hukohuko. Nawe Chande, panga lako lina kazi: kaniangushie ule mnazi wangu usiozaa, daraja lisibaki na pengo."

"Shemeji! Baada ya haya, bado wasome?"

"Kumjulisha Kache babu yake hakukuwa kazi ya mwalimu. Ilikuwa kazi yetu, mimi na wewe."

Chande akashusha panga, akaelekea kwenye mnazi.

Wakapanda naye mlima, Kadzo mbele, darasa zima nyuma, hakuna aliyecheka. Kache alikuwa akilia kimyakimya.

"Bibi, nikifika nitamwambia nini?"

"Anza na jina lako," Kadzo alisema. "Hajakuona bado."