Siku Kama ya Leo, kwa Hesabu ya Mwezi

Yaliyopita ndiyo ndwele, na anayekuhimiza ugange yajayo mchunguze vizuri, huenda ndiye aliyekuambukiza. Bang Mi-ryeong alilijua hilo tangu utotoni, maana alilelewa na bibi yake mzaa mama nyuma ya kiwanda cha viatu vya mpira, au tuseme nyuma ya ukuta mweusi uliobaki baada ya kiwanda kuungua.

Sasa alikuwa mtangazaji wa redio ya mji. Kila asubuhi alisoma "Siku Kama ya Leo": nani alizaliwa, sinema gani ilitoka, mfalme gani alipinduliwa. Wasikilizaji walikipenda kipindi hicho. Bibi hakukipenda.

"Wiki iliyopita mmemkumbuka mbwa aliyerushwa angani," Bibi alisema, mikono imezama kwenye kabichi na chumvi. "Mbwa, Mi-ryeong! Mwanangu je, hakubweka vya kutosha?"

Mwanawe huyo ni Jeom-rye, mama mkubwa wa Mi-ryeong, aliyefia motoni akiwa kigoli. Kwao binti aliyekufa hajaolewa haandaliwi meza ya kumbukumbu. Babu, aliyeuawa na pombe, kila mwaka hupangiwa samaki, matunda, na pombe ileile. Jeom-rye hana hata bakuli la wali.

"Kesho ndiyo siku yake. Mtaje mara moja tu, nami nife nimesikia."

Mi-ryeong aliandika mistari minne. Asubuhi Namgung, mkurugenzi wa kituo, akaikata yote kwa kalamu.

"Bi Bang, saa hizi watu wanakunywa supu ya asubuhi. Wanataka kutabasamu. Siku kama ya leo alizaliwa yule mwimbaji maarufu, msome huyo."

Akamsoma huyo mwimbaji. Akasoma na mavazi yake, na mbwa wake mdogo mweupe. Kisha akaisukuma karatasi kando.

"Siku kama ya leo pia," alisema, "kiwanda cha viatu cha mji wetu kiliungua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje, wasichana wasije wakaiba viatu. Mmoja wao aliitwa Ma Jeom-rye. Alikuwa na miaka kumi na saba na alipenda matunda ya persimoni yaliyoiva mno."

Nyuma ya kioo Namgung alikuwa akipunga mikono kama anayefukuza kunguru. Muziki ukapigwa.

Mwenye kiwanda alishakufa, ila watoto wake wapo mjini na wana simu. Kabla ya adhuhuri Namgung alikuwa amemsimamisha Mi-ryeong mbele ya meza yake, uso umemwiva.

"Halafu hata tarehe umekosea! Nimeuliza maktaba. Moto ulitokea mwishoni mwa Novemba. Leo bado mapema!"

"Kwa kalenda ya ukutani, ndiyo. Bibi yangu anahesabu kwa mwezi mwandamo."

"Redio haihesabu kwa mwezi."

"Mkurugenzi, mama yako mzazi unamfanyia sherehe ya kuzaliwa kwa kalenda ipi?"

Namgung akatazama kikombe chake. Kila mtu kituoni alijua kwamba siku hiyo haikuangukia tarehe moja miaka miwili mfululizo.

"Hayo ni ya nyumbani," Namgung alisema.

"Na huyu ni wa nyumbani."

Namgung akalainisha sauti, na hapo ndipo Mi-ryeong alipomchukia kweli. "Sikiliza, binti. Sikwambii ukanushe moto. Kesho omba radhi kwa tarehe tu. Sentensi moja. Watatulia, na kazi utabaki nayo."

Tarehe tu! Siku pekee aliyokuwa nayo Jeom-rye duniani, iitwe kosa.

Jioni nyumbani alikuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Majirani, wote vikongwe, walikuwa wamekaa sakafuni. Kando ya redio palikuwa na bakuli la wali wa moto, na jingine, na jingine. Kila mmoja amekuja na la binti yake aliyefia kiwandani.

"Wanasema desturi hairuhusu," Bibi alisema. "Basi desturi ije iyatoe."

Asubuhi Namgung mwenyewe alimwekea karatasi mezani, sentensi imeshachapwa. Taa nyekundu ikawaka. Mi-ryeong alivuta kipaza sauti.

"Nimeagizwa niseme kwamba jana nilikosea tarehe. Sikukosea. Kwa hiyo siombi radhi, si leo, si siku kama ya leo mwaka wowote."