Ukurasa wa Ng'e

Saa tatu na robo asubuhi ile ya Jumatano, karatasi ilikuwa bado tupu mahali pa sahihi, na kalamu imelala juu ya shuka kama kitu kisicho na mwenyewe.

"Mzee," alisema Chrispine, muuguzi wa wodi, "daktari wa kukata anakuja hapa siku moja kwa wiki, na siku yenyewe ni leo. Saa nne anaingia. Ni vidole tatu tu. Tukingoja Jumatano ingine, hatutaongea mambo ya vidole. Tutaongea mambo ya mguu. Ama hata hiyo tusiongee."

Mzee Mwidani aligeuza uso kuifuata sauti. Sukari ilikuwa imemwanza machoni kabla haijamshukia miguuni, na mwaka wa nne huu hakuona ila mwanga na kivuli. "Vidole vitatu, mwanangu," alisema. "Ukikata vidole, usikate na Kiswahili."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Chrispine, mtu wa bara, alicheka naye kidogo, kisha akamtazama Mwanatatu kama aombaye kusaidiwa mzigo.

Mwanatatu aliinamisha kichwa. Alikuwa mwalimu wa chekechea pale Likoni, na mbele ya watoto sauti yake ilitoka kama maji ya mfereji. Mbele ya watu wazima ilikwama kooni. Lakini alfajiri ile yeye ndiye aliyeshika beseni babu yake alipobadilishwa bandeji, na aliona. Weusi uliokuwa kwenye vidole jana, leo ulikuwa umevuka shina la vidole na kuanza kutambaa kwenye unyayo.

"Baba ameshasema," alidakia mama mdogo Nyamvula, aliyesimama kichwani mwa kitanda na mkoba wake kifuani. "Mpaka Ng'e atoke."

"Na huyo ng'e anatoka lini?" aliuliza Chrispine.

Hakuna aliyemcheka kwa swali hilo. Mtongwe nzima, kwao, ilijua. Kila mwezi wa kuandama, kwa muda wa siku mbili na ushei, mwezi hupita katika nyota ya Ng'e, na siku hizo mtu hasafiri, haoi, hachimbi msingi, wala hatoi damu. Khatibu alilikemea jambo hilo juu ya mimbari, na vijana siku hizi walisomewa nyota zao na simu. Hata hivyo watu hawakukoma kuja kwa Mzee Mwidani, wengine kwa mlango wa mbele, wengine kwa wa uani. Naye, kwa zaidi ya miaka thelathini, alihesabu kwa pingili za vidole akawapa jibu. Mara nyingi jibu lilikuwa neno moja: subiri.

"Mimi nyota yangu ni Simba," Chrispine alijaribu tena, kwa upole. "Simu inaniambia kila asubuhi. Leo imesema nisibishane na wakubwa."

"Na mbona wabishana?"

"Sikuiamini, mzee."

"Basi wewe una nafuu," alisema babu, na kicheko kikatoweka usoni. "Mwanatatu."

"Abee, babu."

"Homa imenivuruga. Leo mwezi ngapi?"

Tangu macho ya babu yafifie, yeye ndiye aliyekuwa macho yake. Kitabu cha falaki, alichokinakili babu wa babu yake kwa hati ya Kiarabu na lugha ya nyumbani, hakuna mwingine pale nyumbani aliyeweza kukisoma. Alimsomea, babu akahesabu. Hakumsomea uongo hata siku moja. Leo ilikuwa siku ya sita ya mwezi. Sita humtia mtu katikati ya Ng'e. Nane humtoa. Kati ya sita na nane palikuwa na mguu wa babu yake, na maisha yake.

"Nane," alisema Mwanatatu.

Mama mdogo Nyamvula aliinua macho ghafla. Akafumbua kinywa, akakifumba.

Babu alianza kutembeza kidole gumba juu ya pingili. "Nane mara mbili, kumi na sita. Tia tano, ishirini na moja. Jua liko Simba, twaanzia hapo. Simba mpe tano, Mashuke tano, Mizani tano, Ng'e tano. Yasalia moja, iko kwa Mshale. Basi ametoka."

Chrispine akaichukua kalamu haraka na kuitia mkononi mwa mzee. Ncha ya kalamu iligusa karatasi, ikatua.

"Nililetwa hapa jioni mwezi ulipoandama," babu alisema polepole. "Nimelala usiku sita. Kila adhana ya alfajiri nimehesabu. Mwezi wako, mjukuu wangu, umekuwa na haraka mno."

Kalamu ikawekwa juu ya shuka.

Mwanatatu alitamani sakafu ifunguke. Machozi yalimtoka bila sauti, na kilichomwuma zaidi si aibu, bali kule kutogombwa. Babu alinyoosha mkono, akaupapasa uso wake, akaufuta kwa kiganja. "Si kosa," alisema. "Lakini mimi si wa kudanganywa tarehe. Wangapi nimewaambia wangoje, wakangoja? Leo zamu yangu imefika, nichomoke?"

"Dakika ishirini," alisema Chrispine, akaenda mlangoni kuchungulia.

"Mama mdogo," Mwanatatu alisema, "nipe kitabu."

Nyamvula aliubana mkoba. Alisita, muda mrefu kuliko mtu asitavyo kwa kitabu tu. Kisha akakitoa, kimezungushiwa kipande cha kanga, akampa bila kumtazama.

"Nikusomee, babu?"

"Ukurasa wa Ng'e? Naujua kwa moyo."

"Nikusomee hivyo hivyo."

Ukurasa ule haukuhitaji kutafutwa; kitabu kilifunguka penyewe hapo. Chini yake, upana wa vidole vinne, karatasi ilikuwa imekunjwa kuelekea juu na kukandamizwa. Ilikuwa hivyo tangu alipoanza kumsomea. Hakuwahi kuikunjua, kwa kuwa babu hakumwambia aikunjue, na kila alipoufikia mkunjo, babu alisema, "Hapo panatosha."

Alisoma. "Mwezi ukiwa katika Ng'e, usisafiri kwa bara wala kwa bahari, usioe, usijenge, wala usitoe damu, kwani mwisho wake ni majuto."

"Hapo panatosha," alisema babu.

Mwanatatu akaingiza ukucha chini ya mkunjo. Karatasi ililia kama jani kavu.

Babu aliisikia. Mkono wake ulijongea juu ya shuka, ukasimama.

Palikuwa na mstari mmoja zaidi wa wino mweusi wa zamani. Na kando yake, pembeni mwa ukurasa, palikuwa na maandishi ya kalamu ya buluu, hati ya babu mwenyewe, wakati ule bado imenyooka. Tarehe moja. Tarehe hiyo Mwanatatu aliijua kuliko zote duniani. Ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Chini ya tarehe, jina la mama yake: Mejumaa. Na maneno mawili: Nilimwambia asubiri.

Aliyasoma mara mbili. Alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba mama yake alifariki kwa uzazi, kwamba siku yake ilikuwa imefika, na siku ya mtu haipangui mtu. Alimtazama Nyamvula. Nyamvula alikuwa ameugeukia ukuta.

Angeweza kuukunja tena. Babu hakuona, asingejua hakika. Angebaki na Ng'e wake, na heshima yake, na kidonda kikipanda. Kuusoma mstari ule kwa sauti kulikuwa kumwambia: nimejua.

Mlangoni magurudumu ya kitanda cha kusukuma yalikwaruza sakafu.

Akausoma. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "'Haya ni kwa mwenye nafasi ya kungoja. Ama mwenye dharura, hana Ng'e.'"

Wodi ilikuwa na kelele zake za kila siku, vijiko na kikohozi na lori la kokoto barabarani.

"Umeona na pembeni?" aliuliza babu.

"Nimeona."

"Uchungu ulimshika alfajiri. Chombo cha kuvuka kwenda hospitali kilikuwa pale chini, tayari. Nikasema asivuke maji mpaka Ng'e atoke." Alivuta pumzi. "Tulivuka kesho yake. Wewe ulilia. Yeye alikuwa ameshanyamaza."

"Na mstari huu ulikuwa unaujua?"

"Niliujua tangu nina ndevu mbili. Babu yangu alitazama kilimia ajue siku ya kupanda. Alisema nyota ni kama alama njiani: yakwambia mbele pana shimo, haikuvunji mguu. Mimi ndiye niliyeifanya kadhi. Watu walitaka kadhi, nami nilipenda kuulizwa. Siku ile mimi mwenyewe nilihofu, nikajificha nyuma yake." Akamgeuzia Mwanatatu uso. "Sasa niambie. Nikikatwa leo, ndani ya Ng'e, nikapona, mamako nilimzuia kwa ajili gani?"

Hilo ndilo lililokuwa likimshika mkono muda wote ule. Halikuwa woga wa kisu, wala wa nyota.

Chrispine alikuwa amesimama na kitanda chake, hajui aingie au arudi. Alitazama saa.

"Sijui, babu," alisema Mwanatatu. Hakutafuta neno la kumpoza, kwa kuwa hakuwa nalo. "Sijui kwa ajili gani. Lakini ukingoja Ijumaa, mama hatarudi. Na mimi nitakuwa na wawili waliokufa wakingoja."

Mzee Mwidani alipapasa shuka mpaka akaipata kalamu. "Nionyeshe pahali," alisema.

Mwanatatu alimshika kidole akakiweka penye mstari. Babu aliandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikipanda na kushuka, na ya mwisho ikatoka nje ya karatasi ikaishia kwenye shuka. Chrispine aliitazama, akaigeuza karatasi huku na huku, akaona heri asiulize.

Walimsukuma saa nne kasoro dakika tano. Nyamvula alikifuata kitanda hadi mlango ulipofungwa, kisha akarudi akaketi kwenye benchi la korido, mbali kidogo na Mwanatatu. "Tuliapishwa tusikwambie," alisema baadaye. Kitabu kilikuwa mapajani mwa Mwanatatu, naye alikuwa akilainisha mkunjo kwa kiganja, ila alama haikutoka.

Saa sita kasorobo Chrispine alitokea, barakoa kidevuni. Aliwakaribia taratibu, kama mtu abebaye mayai.

"Vidole vitatu," alisema, akilitamka kila neno. "Vitatu tu. Mguu umebaki. Anauliza mwezi ngapi."

Nyamvula alijifunika uso kwa leso.

Mwanatatu alisimama. Ndani yake palikuwa na hasira asiyoizoea, kubwa, isiyojua ianzie wapi. Hakuwa amemsamehe mtu, wala hakuwa ameombwa. Lakini aliyepaswa kuulizwa alikuwa hai, nyuma ya mlango ule, na palikuwa na nafasi ya kuuliza yote, leo na kesho na Ijumaa.

"Mwambie sita," alisema. "Mwambie naja."